Wasikose au Wasiguse

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe na sufuria la uji wa mtama, nikaambiwa: "Hawa ndio wakimbiaji wa kambi. Wakishindwa, ni uji wako umeshindwa." Ilikuwa kambi ya polisi njia ya Port Bell, Kampala, miaka ile ya serikali ya jeshi. Mimi Hawa, Mnubi wa Kisenyi, nilikuwa nimeomba kazi ya kupiga taipu. Basi, nikapata mwiko.

Ninyi mnaokimbia na vichupa vya maji kiunoni mtacheka. Bosi wangu wa kwanza, Inspekta wa Mesi, mkuu wa jiko la askari, alinifundisha kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu hula mapema, saa tatu nzima kabla ya kukimbia, tena vyakula vya wanga: uji, matoke, viazi vitamu, ili mwili uwe na akiba. Hapo alisema kweli. Lakini maji njiani? "Nyabo, maji ni mzigo! Tumbo litalia kama jerikeni." Wakimbiaji walisukutua tu wakatema. Niliamini, maana yeye alikuwa na nyota mabegani na mimi nilikuwa na mwiko.

Halafu akaja Kapteni wa Michezo, ametoka kozi ng'ambo, mambo yakavurugika kabisa. Jumatatu mayai mabichi. Alhamisi vidonge vya chumvi, eti kurudisha chumvi inayotoka na jasho. Wiki iliyofuata vidonge ni sumu, nichanganye maji, sukari na chumvi kidogo. Banange, jamani, sukari! Kampala nzima ilikuwa inaitafuta. Nikaanza kukamua miwa. Sikujua nishike lipi, na kuuliza hakukuwa salama: karani wa stoo aliuliza swali moja kwenye paredi, hatukumwona tena.

Siku moja kabla ya mbio za kwenda Ggaba na kurudi, Kapteni alipiga simu mesi. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Kesho wakimbiaji wasiguse maji," nilisikia. Au alisema wasikose?

"Afande, samahani..."

"Hapana uliza mingi! Fanya vile nimesema." Akakata.

Wasiguse, wasikose. Moja inakataza, nyingine inaamuru, na mdomoni mwake g na k, u na o, zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nikayageuzageuza mpaka kichwa kikauma. Mwisho nikamkumbuka Inspekta na mzigo wake, nikashika wasiguse.

Mbio zilikuwa za asubuhi, lakini mgeni wa heshima alichelewa, wakaanza jua la utosi. Nilisimama karibu na mwisho, ndoo zangu mbili zimefunikwa, maji ya kunywa watakapomaliza. Wa kwanza kutokea alikuwa Konstebo Odong, kijana tuliyemtegemea kuliko wote. Ngozi ilikuwa imemkauka, hana hata tone la jasho. Leo kila kocha anajua hiyo ni hatari.

"Dada Hawa, maji."

"Siwezi, kaka. Ni amri."

Alinitazama, akapita. Hatua kama ishirini mbele akaanguka. Ndipo nikakimbia na ndoo nikimmwagia, nalia. Alipona, ila figo ziliharibika na hakukimbia tena.

Kapteni alitupanga mstari. "Nani alimnyima maji?" Sikunyanyua mkono. Naye hakuuliza mara ya pili. Kwa hiyo alisema wasikose? Au alikuwa anajisafisha tu? Mpaka leo sijui, wallahi.

Nimestaafu sasa. Makocha vijana huja kuniuliza, nami nawaambia: mkimbiaji anywe kidogo kidogo, asisubiri kiu imbane, na asiyeelewa aulize. Hilo la mwisho naona aibu kulisema.

Mwaka jana Odong alikuja kunisalimu. Nikamweleza yale maneno mawili, nikamwomba radhi. Akasema:

"Kumbe ni neno tu, Dada? Miaka yote hii nilijua wakubwa walikutuma uniache nife. Nilikuwa najiuliza niliwakosea nini."

"Na kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa."

Nikaenda kumletea maji. Alishika ile glasi, akayatazama maji, akanitazama mimi, ndipo akanywa.