Ngozi Isiyopanda Ndege

Bibi mzaa baba alikuwa na sketi ya ngozi aliyoishona kwa mkono wake kabla ya kuolewa. Ilikuwa na shanga nyeupe, nyekundu na buluu, safu kwa safu, na mtu akiitikisa zilitoa sauti kama mvua inayoanza kugonga bati. Kila baada ya mavuno aliitoa sandukuni, akaipaka mafuta ya ng'ombe na kuifikicha kwa viganja mpaka ilainike. Sisi wajukuu tulikuwa tunaikimbia harufu yake.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Korea, Bibi aliniita jikoni kwake, pale Mogitu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vipya vya safari ili vizoee miguu. Alisema huko niendako wataniuliza kwetu watu wanachezaje, nisije nikasimama kama gogo. Angenifundisha ngoma ya wanawake wa Kiiraqw, siku tatu zingetosha, kisha niondoke na ile sketi, kwa sababu mguu wa ngoma ile unafuata mlio wa shanga.

Niliona aibu. Nilijiona msomi, na begi langu lilikuwa na suruali za jinzi na manukato. Nikajiwazia nikilifungua bwenini mbele ya wageni, harufu ya mafuta ya ng'ombe ikitangulia. Lakini kumwambia Bibi kwamba namwonea aibu sikuweza, ndipo nikatafuta wa kumsingizia.

"Bibi, wenye ndege hawaruhusu ngozi," nikasema.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akasema haya, akaikunja sketi yake. Habari ya kufundishana ikaishia hapo.

Miezi kadhaa baadaye chuo kilituandalia wanafunzi wa kigeni siku ya matembezi. Asubuhi tulijifunza ngoma ya Kikorea, kwenye ukumbi wa mbao uliong'arishwa mpaka nikaogopa kuukanyaga. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, ngoma ndogo ameifunga kiunoni. Alituvika mavazi ya ngoma hiyo kwanza, akasema mwili hauwezi kujifunza ukiwa umevaa nguo nyingine. Nilijua nimeshayasikia maneno hayo mahali. Mwishoni akaomba kila mmoja aonyeshe kidogo ya kwao.

Zamu yangu ilipofika niliruka. Niliruka juu juu, mikono imenyooka, kama nilivyowaona majirani zetu Wabarbaig wakifanya kwenye sherehe zao, tena wanaume. Mimi Mwiraqw mzima, mtoto wa kike, nikaruka mpaka nikahema, na ukumbi wote ukanipigia makofi. Sijawahi kuchukia makofi kama yale.

Mchana tukapelekwa kutembelea kampuni ya ndege. Tulikaa kwenye ndege ya mazoezi isiyoruka, tukaonyeshwa jiko linalopika chakula cha abiria, kisha tukasimama sehemu ya mizigo. Dada aliyetutembeza akauliza kama kuna swali. Wenzangu waliuliza habari za marubani. Mimi nikauliza kama abiria anaruhusiwa kubeba sketi ya ngozi yenye shanga. Jibu nilikuwa nalo tangu jikoni Mogitu, lakini nilitaka nilisikie.

Dada akatabasamu, akasema ndiyo, hata ngoma yenyewe, mradi mzigo usizidi kilo zinazoruhusiwa.

Jioni, kabla basi halijatuchukua, nikampigia baba mdogo. Nyumbani ilikuwa bado asubuhi. Akampa Bibi simu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimeshindaje. Nikamweleza kwamba tulikuwa kwa wenye ndege. Bibi akauliza:

"Uliwauliza ile ngozi?"

Hapo ndipo ningejikomboa. Basi lilikuwa halijafika, simu ilikuwa na chaji, pale hakuna aliyeielewa lugha yetu. Ningeweza kusema kila kitu.

"Nimewauliza, Bibi. Bado hawaruhusu."

Akasema haya, mama, soma vizuri.

Nilirudi baada ya miaka minne. Bibi alikuwa hasimami tena bila kushikwa, magoti yamekataa. Nilimwomba sketi mwenyewe, bila kuulizwa, nikalifungua sanduku mbele yake, palepale jikoni. Ngozi ilikuwa kavu kama gome. Nilipojaribu kuikunjua ilikatika kwenye mkunjo, shanga zikamwagika sakafuni, nikapiga magoti kuziokota huku nalia. Baba mdogo aliniambia kwamba Bibi aliacha kuipaka mafuta tangu siku ile nilipopiga simu.

"Bibi, nilikudanganya," nikasema. "Hakuna aliyekataza. Mara zote mbili nilikudanganya."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alinyoosha mkono, nikamwekea shanga chache kiganjani, akazipapasa kwa kidole gumba.

"Nilijua," akasema. "Siku ile hapa jikoni ulikuwa umevaa viatu vya ngozi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniuliza tena kwenye simu.

"Nilidhani huko mbali ungeweza kuniambia," akasema, akanirudishia shanga zangu.