Kinu cha upepo bwawani na mzee wa mizinga

Leo nilikuwa nafukuzwa bwawani, nikaishia kufundishwa uhandisi.

Mnakijua kile kinu changu cha upepo, cha dinamo ya pikipiki na madumu yanayoelea? Nilikiweka majini kwa sababu nchi kavu mikaratusi inazuia upepo.

Ng'ombe wanaokunywa hapo wanakiogopa. Kamati ya maji ikanipa hadi leo: taa yake iwake, au nikitoe.

Asubuhi nikawa ndani ya maji hadi kifuani, nafunga mapanga ya kinu juu ya madumu yanayoyumba. Spana ya tatu ikazama.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Bura mfuga nyuki, akafika.

"Shikamoo," nikasema kutoka majini.

"Marahaba. Mzinga wa nyuki huwa unautengenezea juu ya mti?"

"Hapana, mzee. Chini, ndipo tunaupandisha kwa kamba."

"Sasa huko majini unafanya nini?"

Nimeangalia video nyingi za vinu vya baharini. Wanasema kazi ya kule majini ndiyo inayokula gharama, kwa hiyo vingine siku hizi vinaungwa bandarini na kuvutwa vikiwa vizima. Nilielewa yote, isipokuwa kwamba yananihusu.

Tukakitoa, tukakifungia mapanga kwenye nyasi, tukakirudisha kwa kamba. Nusu saa tu. Mzee alivuta mwenyewe.

Taa ikawaka. Ng'ombe wakaitazama sana, kisha mmoja akanywa.

"Kinu kibaki," akasema Mzee. "Ila spana zako utazitoa, ng'ombe wasije wakazikanyaga."

Wahandisi mliomo humu, spana inatafutwaje mtu akiwa nchi kavu?