Chungulia ya Hashimu

Mpaka naandika hapa, kichwa bado kinakataa. Hashimu, ambaye juzijuzi tu alinitumia voice note ya kunicheka, tumemzika jana baada ya Adhuhuri, hapahapa Mtwara. Aliumwa ghafla, akalazwa, basi.

Kwa msiomjua: tulikaa meza moja ofisini, tukitengeneza mfumo wa kuwatumia wakulima wa korosho meseji za bei ya mnada. Na alikuwa mtani wangu. Ukoo wa mama yake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kutukanana kwetu kulikuwa halali kabisa.

Alikuwa mbishi jamani. Mbishi!

Aliandika library ndogo, kiprogramu cha kupima majibu ya JSON ambayo mifumo ya kompyuta hutumiana, akaiita Chungulia. Yaani mfumo mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu, Chungulia inalifungua lile jibu kwanza. Mliahidi jina la mkulima, lipo? Mliahidi bei, ipo, na ni namba kweli? Kikikosekana kimoja, inagoma.

Siku moja bosi alitaka tu-deploy, tuwawashie wakulima toleo jipya, kabla ya mnada. Chungulia ikagoma, bei ilikuwa inarudi tupu.

"Hashimu, deadline!"

"Bosi, mzee wa Nanguruwe akipata meseji haina bei, atajua tumemtapeli. Haipiti."

Bosi akanuna. Tukarekebisha, ikapita, Hashimu akatoka kununua mihogo ya kukaanga kama hakijatokea kitu.

Jana tuliporudi kutoka makaburini, nyumbani kwao Rahaleo, mama yake akaniita pembeni.

"Mtani, watu wote wananiambia mwanangu alikuwa fundi. Fundi wa nini? Kila nikimuuliza, ananijibu 'kompyuta, mama'. Nimemzika mtoto sijui hata alikuwa anafanya kazi gani."

Nikaanza kueleza. API, server, test... Mama ananitazama tu. Nikaona nampoteza, na mimi mwenyewe machozi yalikuwa karibu.

Basi nikafanya kazi ya mtani. Wa kwetu mnaijua: kumuigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nikashusha miwani puani kama yeye, nikasimama mlangoni, nikamzuia mama yake mdogo anayepita na sinia la wali.

"Mmetangaza wali na samaki. Chungulia kwanza! Samaki yuko wapi?"

"Yuko jikoni, mtani, hebu nipishe!"

"Haipiti! Rudi nalo!"

Mama mdogo akarudi jikoni kweli, huku ananilaani. Msiba mzima ukacheka. Mama naye akacheka.

"Hilo neno ni langu," akasema. "Nikimtuma dukani alikuwa anarudi na vitu pungufu. Nikawa namwambia, mwanangu, chungulia mfuko kabla hujatoka." Akajifuta macho kwa kanga. "Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yake. Basi nimejua."

Leo nimeenda ofisini, Hashimu. Kiti chako kipo, na hakuna aliyekikalia. Nimekukumbuka vibaya sana, mtani. Chungulia nitaitunza mimi, na bosi akileta haraka zake nitamjibu kama ulivyokuwa unamjibu.

Wewe nenda, Hashimu. Mama ameijua kazi yako. Nimechungulia nyuma yako, hujasahau kitu.

Lala salama, mbishi wangu.