Chuma Hupiga Hodi

Muuguzi wa wodi ya wazazi huuliza mara mbili: "Una pumu? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?" Kwanza humuuliza mgonjwa, kisha ndugu yake, maana wagonjwa huficha. Dripu ya madini ya chuma, ambayo siku hizi kila mtu hujinunulia kwenye maduka ya dawa ya mjini, huiachia matone machache tu, halafu hukaa pembeni akifuma sweta, macho yake usoni kwa mgonjwa.

Siku moja muuguzi alipogeuka kumpokea mzazi mwingine, Nassoro aliifungulia dripu ya mkewe, Somoe, ikimbie, wawahi lori la kurudi kijijini kwao Nakapanya. Mara uso wa Somoe ukawaka moto, kifua kikambana. Muuguzi akaifunga kabla hajauliza lolote.

"Chuma ni mgeni, baba," alisema kwa sauti ileile ya kila siku. "Akipiga hodi, mwili humkaribisha. Akivunja mlango, humpigia kelele za mwizi."

Somoe alipotulia kabisa, muuguzi akaianza dripu upya, polepole. Akachukua kidole cha Nassoro, akakiweka kwenye mshipa wa mkono wa mkewe. "Sasa hesabu mapigo wewe."

Lori likapiga honi barabarani. Nassoro hakuinua kichwa.