Chungu Kilichosema Kula

Ukifika Kabanga, mpakani na Burundi, na redio iliyokufa, wabadilisha fedha wenyewe watakuonyesha kibanda cha Clarisse Niragira. Kiko nyuma ya maegesho ya mabasi, mlango wa bluu, ndani spika zimetundikwa ukutani kama nyungo. Clarisse ana miaka thelathini na minne. Mkono wake hautetemeki anapochomelea waya mwembamba kama unywele. Hasemi sana, na akisema, Kiswahili chake kimenyooka kama cha msoma taarifa ya habari. Watu hudhani alisomea mbali. Wapi! Alisomea hapo hapo, kijijini kwao Bukiriro, na Kiswahili hicho kilimgharimu.

Nianzie huko, maana nisipoanzia huko hamtanielewa nikifika kwenye chungu.

Alikuwa darasa la tatu. Mama yake, Marsiana, alikuja shuleni na bakuli lililofungwa kitambaa, akasimama mlangoni, akamwambia mwalimu, "Samahani mwarimu, nimemretea mtoto chakura."

Darasa zima likaangua kicheko kwa zile R zilizokaa mahali pa L. Marsiana naye akacheka, akapunga mkono, akaenda zake akiwa na furaha.

Tangu siku hiyo Clarisse akawa Chakura. Chakura, lete kifutio. Chakura, zamu yako kufagia. Kuna waliomwambia arudi kwao ng'ambo akare huko, kwa kuwa babu yake alivuka kutoka Burundi. Nusu ya waliocheka walikuwa na mama wanaosema vile vile, lakini kicheko hakikumbuki nyumbani. Basi mtoto akawa anajificha nyuma ya banda la mbuzi, anarudia peke yake: kula, lala, lete, mlango. Mpaka ulimi ukakubali. Mama hakuambiwa neno.

Sasa tuje miaka hii. Mtu mmoja, Ngassa, msanii, alikuwa amechukua ghala la zamani la pamba mjini Biharamulo akaligeuza ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Alipita Kabanga kutengenezesha amplifaya, akaona juu ya meza ya Clarisse mwanasesere wa bati. Kila mteja akiingia, mwanasesere anageuza shingo na kupiga mluzi.

"Huyu umemtengeneza wa nini, dada?"

"Wa kuniambia mtu kaingia. Mimi huwa nimeinama."

"Dada, hii ni sanaa."

"Ni kengele tu, kaka."

Ngassa akacheka, akavuta kigoda. Akamweleza kwamba anaandaa maonyesho ya vitu vya umeme vinavyomsikia mtu na kumjibu. Watu hawatakatazwa kugusa, wataombwa waguse. Akamwomba atengeneze kimoja, cha moyoni mwake.

Clarisse alitengeneza jiko la mama yake. Mafiga matatu ya kweli, chungu cha udongo juu yake, mkono wa bati unaozungusha mwiko kwa mota ya waipa ya lori bovu. Ukichuchumaa, kijicho cha kuhisi mtu kinakuona, mwiko unaanza kuzunguka polepole. Ukifunua kifuniko, sauti inatoka ndani ya chungu.

Ya nani tena? Alikwenda Bukiriro na simu yake. Marsiana alivaa kitenge kipya ili kurekodiwa sauti! Akakohoa, akasema mara moja tu, bila kukosea:

"Karibu mgeni. Kaa hapa. Kura kwanza, habari zako tutazisikia ukiwa umeshiba."

Kisha akauliza, "Hayo ndiyo watakayosikia watu wa Biharamuro?"

"Ndiyo mama."

"Mimi mwenyewe, ndani ya chungu!" Na kabla Clarisse hajafika barabarani, jirani Adventina alikuwa ameshaambiwa.

Zilipobaki siku tatu kabla ya maonyesho, Clarisse alikijaribu chungu kibandani. Wabadilisha fedha wakajaa mlangoni. Kifuniko kikafunuliwa, mama akasema.

"Kura?" mmoja akadakia. "Huyu mama anagombea udiwani?"

"Mpe kura yako, akupe chakura!"

Walikuwa wanatania tu, na mmoja wao alikuwa Mhangaza, mwenyeji wa hapo, asiyeijua L hata akioneshwa. Lakini Clarisse alihisi masikio yanawaka. Alikuwa darasa la tatu tena. Mchana ule alimwita Happyness, dada anayetangaza safari za mabasi kwa kipaza sauti, akamwomba ayaseme maneno yale yale. Happyness akayasema vizuri kabisa: kula kwanza. Clarisse akaweka sauti hiyo kwenye kadi ya memori, akaichomeka ndani ya chungu. Kadi yenye sauti ya mama akaifungia kwenye pindo la khanga.

Alijiambia mama hatafika. Bukiriro na Biharamulo ni safari.

Marsiana alifika. Alikuja na wanawake tisa wa jumuiya yao ya kanisani, Adventina akiwamo, wamekodi gari, wamevaa sare za vitenge, wametoka kabla hakujapambazuka. Waliingia ghalani wakishikana mikono, wakistaajabia bomba zilizoimba ukizipigia makofi na kuku wa waya aliyekimbia ukimkaribia.

"Shikamoo mama. Shikamooni," Clarisse alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kiko wapi?"

Hakukuwa na pa kukificha. Marsiana akachuchumaa mbele ya mafiga, wenzake wakamzunguka. Mwiko ukaanza kuzunguka, wakapiga vigelegele. Akafunua kifuniko.

"Karibu mgeni. Kaa hapa. Kula kwanza, habari zako tutazisikia ukiwa umeshiba."

Vigelegele vikakatika. Marsiana akafunika, akafunua tena. Ikasema sauti ile ile.

"Marsiana," Adventina akasema, "mbona huyu si wewe?"

Mama akamtazama binti yake, mara moja tu. Kisha akasimama, akajipangusa magoti.

"Ni mimi. Mashine huchuja sauti, Adventina, kama chujio ra chai. Wewe umewahi kuingia kwenye mashine?"

Wakacheka, wakaendelea kwa kuku wa waya. Clarisse alibaki pale. Kama mama angemgombeza, angeweza kusimama wima. Lakini mama alikuwa amedanganya kwa ajili yake, mbele ya watu anaosali nao.

Alimfuata nje. Marsiana alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, anafungua chupa ya maji ya kunywa.

"Mwanangu, yure ni nani?"

"Happyness. Wa mabasi."

"Sauti yangu irikuwa mbaya?"

"Hapana, mama."

"Maneno ni yare yare. Kama angesema mengine, ningeerewa. Rakini yare yare!"

Hapo ndipo Clarisse alipoelewa jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulifikiria. Mama hasikii tofauti. Angeweza kumwambia kadi iliharibika, na mama angekubali, na mambo yangeisha. Lakini uongo mmoja ulikuwa tayari umesemwa kwa ajili yake siku ile.

"Ni kwa sababu ya neno moja," akasema. "Wewe unasema kura. Inatakiwa kula."

"Kura na kura."

"Hapana, mama. Kura ni ya uchaguzi. Kula ni chakula."

"Si ndivyo nirivyosema?"

Marsiana akaitazama midomo ya binti yake, kama mtu anayetafuta mwiba mdogo kidoleni.

"Sema tena."

"Kura. Kula."

Mama akafunga chupa ya maji. Alichukua muda mrefu kuifunga.

"Siku ire nirikuretea bakuri shureni. Waricheka hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikacheka nao." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo hata sasa ninaposema, wewe unasikia kosa tu?"

Clarisse alifungua pindo la khanga, akatoa kadi, akaingia ndani, mama nyuma yake. Alijaribu mara mbili kabla kadi haijaingia. Akawaita wale wanawake wote, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Mama zangu, mashine haichuji sauti. Ile haikuwa ya mama. Yake niliitoa mimi, kwa sababu niriona haya."

Ulimi wake mwenyewe ulikuwa umerudi Bukiriro. Hakusahihisha.

Adventina akafunua kifuniko. "Karibu mgeni. Kaa hapa. Kura kwanza..."

"Eeeh! Huyo ndiye Marsiana!" Wakamrukia, wakampiga mgongoni, wakacheza kuzunguka mafiga. Hakuna hata mmoja aliyesikia kosa. Marsiana alitabasamu kwa ajili yao. Kisha akaomba gari liondoke mapema.

Chungu kilikaa Biharamulo mwezi mzima, na Ngassa anasema hakuna kitu ambacho watu walichuchumaa mbele yake kwa wingi kama hicho. Maonyesho yalipokwisha, Clarisse alikipeleka Bukiriro, akakiweka jikoni kwa mama.

Clarisse huenda huko kila Jumapili. Marsiana humpokea vizuri, hakuna ugomvi. Ila siku hizi, kabla ya kusema Kiswahili, hutulia kidogo, akipima kila neno mdomoni. Zile R alizokuwa nazo sawasawa tangu utotoni ameanza kuziogopa pia na kuzigeuza L. Sokoni husema balabala. Husema halaka, na habali.

Jumapili iliyopita Clarisse alimkuta mlangoni.

"Kalibu, mwanangu," mama akasema polepole, kwa uangalifu, akimtazama usoni kuona kama amepatia. "Kula kwanza."

Clarisse alisema asante. Alipopita jikoni kunawa mikono, akachuchumaa mbele ya mafiga na kufunua kifuniko, amsikie mama anavyosema akiwa haogopi.