Maua Makubwa ya Kikwembe cha Mama

Kikwembe kile baba alikileta kutoka Kamituga, alikofanya kazi mgodini. Kilikuwa cha bluu iliyokolea, na juu yake maua mekundu, kila moja pana kama sahani ya wali. Mama alikivaa Krismasi moja tu. Mwaka uliofuata udongo ulimfukia baba ndani ya shimo, na mama akakikunja kikwembe akakiweka chini kabisa ya sanduku.

Alikitoa nilipoanza kujifunza ushonaji kwenye foyer moja, kituo cha mafunzo cha akina mama, kule Nguba, mjini Bukavu. Sisi tulikaa Kasha, ambako baridi ya mvua huwatafuta wagonjwa hadi kitandani, na kifua cha mama kilikuwa kimeharibika. Mwalimu wetu alipotaka kila msichana ashone kuvreli, yaani tandiko la kitanda la vipande vya nguo, mama alinitupia kikwembe mapajani.

"Unishonee ya kwangu," akasema. "Lakini usikatekate hii maua. Baba yako aliichagua juu ya ukubwa yake."

Mwalimu tulilazimika kumwita citoyenne, yaani mwananchi, maana siku zile serikali ilikuwa imekataza kuitana madame. Alikuwa amebandika michoro ukutani: nyota, milia, pembetatu, miraba. Wenzangu walikuwa na vitambaa vya maua madogo madogo, wakaichangamkia nyota. Mimi nilichukua katoni ya sabuni, nikaitoboa tundu la pembetatu lenye ukubwa sawa na wa mchoro, nikalipitisha juu ya kikwembe. Sikuona ua. Niliona wekundu tu, kama nyama buchani. Nikalisogeza, nikaona nusu ya jani. Nikalisogeza tena, bluu tupu. Basi nikakata tundu jingine, la mraba, nikalipanua kidogo kidogo mpaka ua zima likaingia na bluu ikalizunguka pande zote.

"Kata pembetatu kama wenzako," citoyenne akasema. "Miraba kubwa ni kazi ya muvivu."

"Hii iko ya mama, citoyenne. Anataka maua muzima."

Alisonya, akaniacha. Nikakata miraba, ua moja katikati ya kila mraba, nikaitenganisha kwa milia myeusi niliyoitoa kwenye sketi yangu kuukuu. Ndani nikatia blanketi la baba, la pekee tulilokuwa nalo. Kazi ilipokwisha, wasichana waliziacha mashine zao wakaja kutazama. Hata citoyenne aliipapasa kuvreli yangu. Kisha akasema niiache pale, ionekane kwanza siku ya wageni.

Siku hiyo alikuja mke wa mkubwa mmoja kutoka Kinshasa. Tuliimba, tukamchezea animation, zile ngoma za kuwasifu wakubwa, juani mpaka nguo zikatushika mgongoni. Halafu citoyenne akaichukua kuvreli yangu mezani, akaikunja, akamwekea yule mama mikononi.

"Zawadi ya wasichana wa Bukavu!"

Watu wakapiga makofi. Yule mama hakuifunua. Alimpa dereva, dereva akaitupa kwenye kiti cha nyuma.

Gari lilipoondoka nilimfuata citoyenne. "Ile ilikuwa ya mama yangu. Kikwembe ilikuwa yetu."

"Ulitaka nimupe nini? Zile nyota zenye zimepinda?" Alicheka. "Ujivunie. Yako ndiyo ilikuwa muzuri."

Nyumbani nilimkuta mama ameketi kitandani. Alikuwa ameyatandua matambara yake yote na kuyaweka pembeni, anangoja.

"Iko wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye, balikupatia nini?"

"Balinipigia makofi, mama."

Alikohoa kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Sikumsikia akiitaja kuvreli ile tena.

Alifariki kabla mvua hazijakatika, amefunikwa blanketi tuliloazima kwa jirani. Tulipomzika, jirani alilichukua blanketi lake, na ilikuwa haki yake.

Citoyenne alikuja kilioni. Aliimba kwa sauti kuliko wote, na wanawake wakamsifu kwa kupanda kutoka Nguba hadi Kasha katika tope lile. Shangazi yangu akaninong'oneza nimtafutie mahali pazuri pa kukaa. Nilimtafutia. Nikamletea na chai, nikampa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.