Kitenge Kilichochaguliwa na Simu

Mkuu wa kampuni moja kubwa ya teknolojia, huko ng'ambo, alisema katika mahojiano kwamba karibuni simu zetu zitajua tunachopenda kuliko tunavyojijua wenyewe. Hatutahangaika tena kuchagua, alisema. Nguo, chakula, hata zawadi ya mama mkwe, mashine itatuchagulia na tutashukuru. Mimi niliyasikia hayo redioni, hapa Butembo, nikichambua maharagi. Mtangazaji wetu aliyatafsiri kwa Kiswahili, kisha akafungua laini watu watoe maoni.

Watu wakatoa. Muuza nyama mmoja wa mtaa wa Kimemi aliuliza kama hiyo mashine itamwambia ni mteja gani, kati ya wale wanaosema watarudi, ambaye atarudi kweli. Mama mmoja akasema: "Bwana yangu, tangu tulioana, hajajua mimi napenda nini. Acha mashini ijaribu, labda itamufundisha." Mzee Mwislamu mwenye magari ya mizigo kule Beni alikasirika kabisa: "Kama mashini inajua roho ya mutu, Mungu atabakia na kazi gani?" Kijana wa chuo akamjibu kwamba wazee hupinga kila kitu mpaka siku wanapokinunua. Wiki nzima mji ulikuwa na habari hiyo mdomoni. Jumapili, baada ya misa, hata wanakwaya walibishana nje ya kanisa bila kuvua kanzu zao.

Mimi nilicheka tu, kwa sababu kuchagua ndiyo kazi yangu.

Niseme vizuri. Kwetu harusi haiendi bila sare. Wanawake wa upande wa bibi harusi na wa upande wa bwana wote huvaa kitenge kimoja, na mtu mmoja hupewa jukumu la kukichagua. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi, tangu nikiwa bado msichana. Sikujaliwa mtoto. Nalisema hilo bila machozi, nimeshalia ya kutosha zamani. Wanawake wenzangu wana mahali pao katika ukoo kwa sababu ya watoto wao. Mahali pangu ni pale mbele ya meza ya muuza vitenge, nikishika nguo, nikiikunja, nikiitazama juani na kusema hii, si ile. Mtu akiniondolea hilo, sijui ningekaa wapi.

Basi binti wa kaka yangu, anayeishi na wazazi wake Bungulu, kule Beni, akachumbiwa. Akaja kwangu mimi shangazi yake, Butembo, na simu mkononi.

"Tante, hapana kasirika," akaanza, nami nikaanza kukasirika. "Ule patron wa ku radio anasema kweli. Nilielezea téléphone kila kitu: bamama beko namna gani, salle ya harusi iko namna gani, na kama itakuwa mwezi wa mvua. Ona."

Nikaona. Kilikuwa kitenge cha kijani, majani makubwa makubwa na maua madogo ya manjano katikati. Mfanyabiashara mmoja wa mjini kwetu alikuwa nacho dukani, alikuwa ameshamtumia picha. Kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Kama kingekuwa kibaya ningekuwa na la kusema.

"Ni kizuri," nikamwambia. "Na mimi nitafanya nini?"

"Weye utapumuzika, tante."

Kupumzika! Nikampa chai, nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, nikarudi ndani na kufunga mlango kwa nguvu hadi picha ya Bikira Maria ikapinda ukutani.

Sasa kuna jambo moja ambalo yule mkuu wa kampuni hakuulizwa katika mahojiano yake. Kitenge kikishatangazwa, wanawake hawafurahi. Hawajawahi kufurahi hata mara moja. Wanakuja kwangu wawili wawili, wanajaza ua, wananishambulia: kinanizeesha, hiki ni cha wajane, wewe unawachagulia waliokonda tu. Nami nawajibu, sina ulimi mfupi. Tunagombana mpaka koo zinakauka. Koo zikikauka nachemsha chai, na kwenye chai hiyo ndipo mmoja anasema, haya, mimi nitaleta maharagi. Mwingine anasema wageni wa kutoka Lubero watalala kwake. Mwingine anachukua kazi ya kasikisi, pombe yetu ya ndizi, maana hakuna anayemfikia kwa kuitengeneza. Hakuna anayeitisha kikao. Ugomvi wa kitenge ndio kikao chenyewe.

Safari hii hakuja mtu. Kitenge walikinunua wote, wakakishona, wakanyamaza. Huku Butembo kimya, kule Beni kimya. Harusi ikakaribia, na mke wa kaka yangu akanipigia simu. Hakuna aliyejitolea chochote, hata sufuria. Kila nyumba aliyokwenda walimpokea kwa heshima, wakamsalimia vizuri, wakamwambia Mungu atasaidia. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwambia ukweli: "Mais téléphone njo ilichagua kikwembe. Sasa téléphone ipike."

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Halafu nikamsikia yule binti akilia nyuma ya mama yake, na kicheko kikakatika. Nilikuwa na hasira naye, sikatai, na kuna upande wangu uliotaka simu ipike kweli, tuone. Lakini ni mtoto wa kaka yangu. Kesho yake njia, ambayo siku nyingine hufungwa kwa ajili ya vita, ilikuwa wazi, nikapanda gari la Beni.

Mke wa kaka alikuwa amewaita wanawake wa pande zote mbili nyumbani kwake. Walikuja kwa adabu, wakakaa kwa adabu, na mimi nawajua watu wangu: wakiwa na furaha hawana adabu hata kidogo. Binti yetu alikaa pembeni, simu ameifunika mapajani.

Nikasimama. "Bamama, kile kikwembe cha majani, ni mimi nilichagua."

Wote walijua nadanganya. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye duka lake pale mtaa wa Ruwenzori, alikuwa wa kwanza kueneza habari za simu mji mzima. Akanigeukia.

"Donc ni weye?"

"Ni mimi."

"Siku hizi zote tulikuwa tunatafuta mutu wa kugombana naye," akasema. Halafu akafungulia. "Ona sasa! Majani matupu! Mbuzi itatufata mupaka ku kanisa!"

Wengine wakaingia wote kwa pamoja. Huyu alisema kijani kinamtia homa, yule kwamba maua yamekaa palepale kwenye makalio, na mwingine akauliza kama macho nimeyaacha Butembo. Nikamjibu huyo kwamba yeye hata akivaa dhahabu atalalamika. Chumba kikapata joto. Binti yetu akainuka, akafumbua mdomo ili kunitetea. Nikamkata jicho, akakaa. Chai ilipofika, maharagi yalikuwa na mwenyewe, na viti, na wageni wa Lubero. Yule shangazi akachukua nyama yote peke yake, kwa ukali, kama mtu anayenikomoa.

Nje, kwenye kuagana, binti yetu alinishika mkono. "Tante, bamekutukana juu yangu."

"Siku ule patron atakuja kukaa hapa Beni, akubali matusi ya bamama," nikamwambia, "nitamuachia kazi."

Akacheka huku machozi yakimtoka. Nilimsamehe palepale, ingawa sijamwambia mpaka leo.

Siku ya harusi mvua ilinyesha asubuhi, ikakoma wakati wa misa. Ukumbini chakula kilikuwa tele mpaka watoto wakalala kwenye viti. Kisha mwongozaji wa sherehe akaomba mama za bibi harusi wasimame wapigiwe vigelegele. Wito huo naujua, kila harusi unakuja. Ukifika mimi huwa nashughulika na sahani yangu, natafuta mfupa hata kama mfupa haupo. Wakasimama mama yake, mama zake wadogo, na mama yake wa ubatizo.

"Na weye wa majani!" Ilikuwa sauti ya shangazi wa bwana harusi, ikivuka meza zote. "Unangojea nini? Simama!"

Mikono ikanisukuma kutoka nyuma, ya wale wale walionitukana zaidi. Nikasimama katikati ya mama wengine, nimevaa kijani kile ambacho, kusema kweli, hakinipendezi hata kidogo. Vigelegele vikapigwa. Nami nikavipokea, maana vilikuwa vyangu.